Amua saa zako kabla hujaamuliwa

Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere alijiuzulu. Hakuwa ameshindwa uchaguzi, wala hakuna aliyemfukuza. Alimwachia kiti Rashidi Kawawa, yeye mwenyewe akarudi kwa wanachama wa chama chake, TANU: kuzunguka nchi, kuzungumza na watu na kuandika. Wanahistoria wanataja pia mivutano iliyokuwamo ndani ya chama wakati huo, lakini matunda ya uamuzi ule yanajulikana. Aprili mwaka huohuo kilitoka kijitabu chake kuhusu ujamaa, ambacho fikra zake ziliongoza siasa ya nchi kwa miaka mingi. Novemba alichaguliwa kuwa Rais kwa kura nyingi mno, na Desemba 9, 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri chini yake.

Nchi changa ilikuwa na kila sababu ya kumfunga kiongozi wake mezani. Mafaili yalikuwapo, wageni walikuwapo, sherehe zilikuwapo. Yeye akajiuliza swali ambalo wengi wetu hatujiulizi mpaka tunastaafu: kazi ipi hasa inastahili saa zangu, na ipi inazichukua kwa sababu tu iko mbele yangu?

Wachache miongoni mwetu wanaweza kuacha kazi ili wafikiri. Kodi ya nyumba haisubiri, ada ya shule haisubiri. Lakini swali lile linamhusu karani, dereva wa bodaboda, mama lishe na mwanafunzi wa chuo sawasawa na lilivyomhusu Waziri Mkuu. Muda ambao mwenyewe hajaupangia kazi ni kama shamba lisilo na uzio: kila mbuzi wa mtaa atajilia, na jioni hutajua umlaumu nani.

Saa 168 zinavyokwenda

Wiki ina saa 168. Tumchukue mfanyakazi wa Dar es Salaam anayeishi Mbagala, Chanika au Bunju na kufanya kazi katikati ya jiji. Akipata usingizi wa saa nane kila usiku, 56 zimekwenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Zinabaki 67. Tuseme kituoni na njiani, kwenda na kurudi, anatumia saa nne kwa siku. Kwa siku tano ni saa 20. Zinabaki 47.

Humo katika 47 ndimo anamotakiwa kuoga, kupika, kufua, kusali, kulea, kuwajulia hali wazazi, kuhani msiba, kufuatilia kiwanja na kupumzika. Kama kila siku anashika simu kwa saa tatu bila shughuli maalumu, 21 nyingine zimeondoka. Anabaki na 26 kwa wiki nzima, chini ya saa nne kwa siku. Halafu tunasikia watu wakisema hawana muda, na tunawaamini, kwa sababu kweli hawana. Walikuwa nao, ukaondoka bila wao kuagana nao.

Hata hizo saa za jioni tunazoziona za kawaida zilipiganiwa. Mei Mosi tunayopumzika kila mwaka asili yake ni migomo ya wafanyakazi wa Marekani mwaka 1886, walipodai siku ya kazi iwe ya saa nane. Ilipofika mwaka 1919, mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani uliweka ukomo wa saa nane kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Watu walifukuzwa kazi, wakafungwa na wengine wakapoteza maisha ili baba arudi nyumbani jua likiwapo. Saa iliyonunuliwa kwa gharama ile haifai kutupwa hovyo.

Simu iliyotuokolea saa, kisha ikazichukua

Tuwe waadilifu kwa simu. Kabla ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008, aliyetaka kumtumia mama yake fedha kijijini alimtafuta dereva wa basi wa kumwamini, au alisafiri mwenyewe. Leo jambo hilo linaisha kabla chai haijapoa. Umeme unalipiwa kitandani, bei ya mahindi inaulizwa kwa ujumbe, na fundi anapigiwa bila kufuatwa Kariakoo. Kwa hesabu hiyo tungepaswa kuwa na muda mwingi kuliko wazazi wetu. Saa zilizookolewa zimekwenda wapi?

Nyingi zimerudi kwenye simu ileile, na hazikurudi kwa bahati mbaya. Novemba 2017, Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alieleza hadharani kwamba waliojenga mitandao hiyo walianza na swali la namna ya kuchukua sehemu kubwa iwezekanavyo ya muda na umakini wa mtumiaji. Mwaka huohuo Reed Hastings, mkuu wa Netflix wakati huo, alisema mshindani wao ni usingizi. Aza Raskin, ambaye mwaka 2006 alibuni ule ukurasa usio na mwisho unaoendelea kushuka kila ukisukuma kidole, amejitokeza mara kadhaa kueleza majuto yake. Kitabu kina ukurasa wa mwisho na gazeti hili lina ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa simu hauna mahali pa kukuambia: sasa basi, kalale.

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha katika karne iliyopita kwamba mnyama anayepewa chakula mara nyingine na kunyimwa mara nyingine, bila mpangilio anaoweza kuubaini, hubonyeza kitufe kwa bidii kubwa na huchelewa sana kukata tamaa. Kijana anayeangalia mkeka wake wa kubeti kila baada ya dakika mbili yumo katika utaratibu huo. Binti anayefungua simu kuona nani ameipenda picha yake naye yumo humo. Hatuna sababu ya kuwaita wavivu. Wamewekewa mtego na watu wenye elimu kubwa na fedha nyingi, na kinachowindwa ni saa zao.

Hasara haiishii kwenye dakika zilizotumika. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha utafiti kuhusu watu wanaoacha kazi moja na kurukia nyingine. Alionyesha kwamba sehemu ya mawazo hubaki kwenye kazi ya kwanza, na ile ya pili hufanywa vibaya zaidi. Mhasibu anayefunga hesabu huku ujumbe wa kundi la familia ukilia mezani anadhani amepoteza sekunde kumi tu kuusoma. Mabaki ya ujumbe ule anayabeba mpaka kwenye tarakimu anazojumlisha.

Kikao cha saa kumi

Ugomvi wetu na muda haukuanza na simu. Tuangalie kamati za harusi. Mwaliko unasema saa kumi jioni. Saa kumi na nusu amefika mweka hazina na watu wanne. Mwenyekiti yuko njiani, amepiga simu kutoka Ubungo. Kikao kinaanza saa kumi na moja na nusu, kwa kusomewa majina ya waliochangia, majina ambayo tayari yalitumwa kwenye kundi la WhatsApp asubuhi. Kama watu 30 wameitenga jioni hiyo na kupoteza saa moja na nusu kila mmoja, jumla ni saa 45. Hiyo ndiyo wiki nzima ya kazi ya mtu mmoja kwa mujibu wa sheria tuliyoitaja, na imeteketea kabla ya ajenda ya kwanza. Zidisha kwa idadi ya vikao, ongeza kamati ya kumuaga binti, ongeza sherehe ya jikoni.

Sisemi tuache kuozeshana. Undugu wetu umejengwa kwa kukaa pamoja, na jamii ambayo watu wake hawana nafasi ya kuketi msibani imepoteza kitu ambacho fedha haikinunui. Aliyefiwa hakumbuki kiasi cha rambirambi yako. Anakumbuka kwamba ulilala pale matangani. Saa hizo si hasara, ni katika saa bora kabisa tunazotoa. Na ndiyo sababu nasema zilindwe. Anayepoteza Jumamosi nne akisubiri mwenyekiti aliyechelewa atafika kwenye msiba wa rafiki yake wa kweli akiwa amechoka, akitazama saa, akitafuta upenyo wa kuondoka.

Mwaka 1955 Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika katika jarida la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda wote iliopewa. Kila aliyewahi kukaa kwenye kikao kisicho na saa ya kumalizika anajua alichosema. Dawa yake ni nyepesi, nayo iko mikononi mwa mwenyekiti: kikao kianze kwa waliopo, kiwe na saa ya kufunga iliyotajwa kwenye mwaliko, na taarifa za michango zibaki kwenye simu. Kuchelewa kumeota mizizi kwa sababu anayefika kwa wakati ndiye anayeadhibiwa. Tukiacha kumsubiri mchelewaji, atajifunza njia.

Saa za nani zinazotumika?

Mazungumzo mengi kuhusu matumizi ya muda humfikiria mtu mmoja aliye huru kuamua: aamke mapema, asome, afanye mazoezi. Nyumba zetu haziko hivyo. Ndani ya nyumba moja, saa za mtu mmoja huwa huru kwa sababu za mwingine zimekwisha kutumika.

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilieleza kwamba duniani kote wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi za nyumbani na za malezi zisizo na malipo. Kwa wastani mwanamke hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku, mwanamume saa 1 na dakika 23. Miaka miwili kabla ya hapo, UNICEF ilikadiria kwamba wanawake na wasichana duniani hutumia jumla ya saa milioni 200 kila siku kuteka maji. Kwa wasomaji wetu wa Dodoma vijijini, Shinyanga au Kishapu, takwimu hizo zina sura. Ni dada aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi kisimani, akafika shuleni somo la kwanza limekwisha, akaambiwa hana bidii.

Ndiyo maana bomba la maji kijijini ni suala la muda kama lilivyo suala la afya. Jiko la gesi nalo ni hivyohivyo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Tunazoea kuuzungumzia kwa habari ya misitu na moshi. Uzungumziwe pia kwa habari ya saa ambazo mama atarudishiwa, asizibebe tena kichwani pamoja na mzigo wa kuni.

Lakini si kila kitu kinangoja serikali. Baba anayetoka kazini na kunyoosha miguu mbele ya runinga, wakati mkewe aliyetoka kazini saa ileile anaingia jikoni, anastarehe kwa saa za mtu mwingine. Kaka anayekwenda kibanda umiza kutazama mpira kila Jumamosi huku dada yake akifua nguo zake, hali kadhalika. Kila nyumba ikae iulizane bila hasira: nani hapa hana hata saa moja iliyo yake? Akipatikana, na kwa kawaida anajulikana kabla swali halijaisha, zile kazi zigawanywe upya. Watoto wa kiume wafundishwe kuosha vyombo wakiwa bado wadogo, wasije kuona aibu ukubwani.

Karani aliyeandika

Shaaban Robert aliajiriwa kuwa karani wa idara ya forodha mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17, na akabaki forodhani hadi 1944. Baada ya hapo alihamia idara nyingine za serikali ya kikoloni. Sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima aliitumia kama mtumishi wa ofisi, katika mfumo ambao haukumpa Mwafrika heshima wala nafasi. Alipofariki mwaka 1962 aliacha mashairi, insha, tenzi na riwaya ambazo zimesomwa na vizazi shuleni kutoka Tanga hadi Mombasa na mbali zaidi. Utenzi wake kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia peke yake una beti 3,000 hivi.

Idadi hiyo inatisha ukiitazama yote kwa pamoja. Igawanye. Mtu akiandika beti mbili kwa siku, beti 3,000 zinamchukua miaka minne na kitu. Hapo ndipo siri ya watu waliofanya mengi inapoonekana. Sehemu ndogo ya siku, ikirudiwa bila kukatizwa, huzaa kazi ambayo hakuna wikiendi moja ya juhudi ingeweza kuizaa.

Nyerere mwenyewe, akiwa Rais, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katikati ya miaka hiyo nchi ilipita katika maasi ya jeshi, Muungano na Azimio la Arusha. Asingekosa udhuru wa kuiacha kalamu. Aliipa nafasi yake, ikakaa.

Msomaji asije akaona aibu kwa kutazama majina makubwa. Fundi cherehani anayejifunza kukata suti kwa nusu saa kila asubuhi kabla ya wateja hawajafika anafanya jambo lilelile. Ndivyo afanyavyo mlinzi wa usiku anayemaliza masomo ya sekondari aliyoyaacha, na bibi anayewafundisha wajukuu Kurani kila alasiri. Dini zetu zote mbili kubwa zimelisisitiza jambo hili. Surat al-Asr, yenye aya tatu tu, inaanza kwa Mwenyezi Mungu kuapa kwa wakati. Zaburi ya 90 ni sala ya mtu anayeomba afundishwe kuzihesabu siku zake. Waumini wa swala tano, wanaosimamisha biashara kwa dakika chache adhana inapoita, wanajua kwamba siku inaweza kukatwa mahali tunapotaka ikatwe.

Hatua za kuanzia

Kwanza, andika saa zako za wiki moja kama zilivyo. Ziandike bila kujihukumu, kwa daftari la kawaida. Simu nyingi za kisasa tangu mwaka 2018 zina sehemu ya mipangilio inayoonyesha umetumia muda gani kwenye kila programu. Itazame. Anayeuza duka bila daftari hajui faida yake, na muda nao hauna njia ya mkato.

Pili, chagua jambo moja tu ambalo usipolifanya mwaka huu utaumia, kisha ulipe saa yake maalumu kabla ya wengine hawajaomba saa hiyo. Liwe kozi, biashara ndogo, mazoezi ya mwili, au mzazi aliye mbali. Wengi wetu tunawaona wazazi Desemba peke yake, tunapokwenda Rombo, Bukoba au Njombe kwa Krismasi. Jihesabie mwenyewe Desemba zinazoweza kubaki, kisha uamue kama nauli ya Juni ni ghali kweli.

Tatu, iweke simu mbali na mwili wakati wa kazi inayotaka akili na wakati wa kula na familia. Izime milio ya makundi yote ambayo hayahusu kazi wala wagonjwa. Anayekuhitaji kwa dharura atapiga.

Nne, jifunze kukataa kwa adabu. Kwetu neno la hapana ni zito, na ndiyo maana tunasema ndiyo kisha hatutokei, jambo ambalo ni dharau kubwa zaidi. Kuna namna ya kulisema: "Ndugu yangu, nashukuru kwa kunikumbuka. Siku hiyo nina ahadi niliyoitoa mapema. Mchango wangu nautuma leo, na siku ya shughuli yenyewe nitakuwapo." Hakuna muungwana atakayekasirika kwa kuambiwa hivyo.

Tano, pumzika kwa makusudi. Kulala mchana wa Jumapili, kupiga soga barazani, kutazama mechi ya Simba na Yanga na marafiki ni matumizi mazuri ya muda kama umeyachagua. Kinachochosha ni yale mapumziko ambayo hukuyachagua, yanayokukuta saa saba usiku ukiwa umekodoa macho kwenye kioo cha simu, bila hata kukumbuka ulichotazama.

Wahenga walitwambia kwamba wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Hawakutukataza kuamua tusimame upande gani wa ukuta huo. Kabla hujalala, waite wa nyumbani mwako, chukueni karatasi, kila mmoja aandike saa moja ya wiki ijayo ambayo ni yake na kazi atakayoifanya katika saa hiyo. Iheshimuni kama mnavyoheshimu saa ya mwajiri. Wanaotaka muda wenu wameshapanga wiki yao tayari. Pangeni na ninyi.